Jino la Anaeli

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimfundisha mdogo wangu asicheke. Ilichukua siku chache tu. Alikuwa na miezi saba, na mwalimu wake alikuwa mtu aliyempenda kuliko wote.

Jina lake Anaeli. Alizaliwa wakati wa masika, baba yetu akiwa ameshachukuliwa na Waingereza kuwa askari na kupelekwa vitani Burma. Nyumbani tulibaki mama, bibi mzaa baba, na mimi, upande wa juu wa kijiji cha Maji ya Chai, mlimani, migomba ikianzia mlangoni na kahawa ikifuata nyuma yake. Mama alipokwenda kuchuma kahawa, Anaeli alikuwa wangu. Nilimlisha ndizi zilizopondwa kwa maziwa, nilimfuta, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukajua pumzi zake. Tena tulikuwa na mchezo wetu. Vidole vyangu viwili vilikuwa mbuzi. Mbuzi alianza kupanda unyayoni, akavuka goti, akavuka tumbo, na alipofika shingoni nilisema, "Mbuzi kafika kileleni!" Anaeli alicheka mpaka akakosa pumzi.

Siku mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, tulikuwa tumekaa chini ya ukingo wa paa. Mbuzi alifika kileleni, Anaeli akafungua kinywa, nami nikaliona. Jino dogo, jeupe, kama ncha ya punje ya mchele. Lilikuwa juu. Nikapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, nikaupapasa wote. Ulikuwa laini.

Kwetu meno husemwa na kila mtu. Maji yetu huyatia rangi ya kahawia, na wageni hutucheka, nasi tumezoea. Lakini jino la kwanza halikuwa jambo la kuchekwa. Mtoto anayeanza kuota meno ya juu, kwa Kiswahili huitwa kigego. Kimeru kina neno lake, na bibi hakutaka litamkwe nyumbani mwake. Ilisemwa kwamba mtoto wa namna hiyo hula wakubwa wake, akianza na baba. Waliosema hivyo walikuwa wamebatizwa. Mchungaji aliwaambia kwamba hayo ni mambo ya giza, wakaitikia amina, kisha wakarudi nyumbani na kuchungulia vinywa vya wajukuu zao.

Nilikuwa na baba mmoja vitani na mdogo mmoja mapajani. Nikaamua kunyamaza. Niliwaza kwamba asipojua mtu yeyote, labda hata jino lenyewe halitajua linapaswa kufanya nini.

Kumbe kwa mtoto mchanga unaweza kuficha kila kitu isipokuwa kicheko. Jirani yetu, Mama Kundaeli, alipita kila asubuhi kuchukua moto au kuomba chumvi, na Anaeli alimchekea kama alivyomchekea kila kiumbe, kuku pia. Basi nikaacha mchezo wa mbuzi. Alipoanza kutabasamu, nilikunja uso. Alipopanua kinywa, nilimgeuzia kisogo. Mwanzoni alilia. Kisha akaanza kunitazama usoni kwanza, akisubiri, na alipoona uso wangu hauna kitu, naye akafunga wake. Mama Kundaeli alisema, "Mbona mwanenu amekuwa mzee wa kanisa?" Nikasema tumbo linamsumbua.

Nilimwona mama jioni moja akimnyonyesha karibu na meko. Alishtuka, akamtoa ziwani, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamrudisha, akajitanda vizuri na kuendelea kukoroga sufuria. Nilishukuru kwamba hakugundua.

Aliyegundua alikuwa bibi. Siku hiyo mama alikuwa shambani. Bibi alikuwa akimenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, akaweka kisu chini.

"Elieshi. Mtoto huyu hacheki. Nani amemnyima kucheka?"

"Tumbo, bibi."

"Tumbo halikai usoni. Mlete."

Alinawa, akamlaza Anaeli mapajani, akaingiza kidole kinywani mwake. Niliona kidole kikisimama. Nikaanza kulia kabla hajaniuliza chochote.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Mama yako anajua?"

"Hajui, bibi. Sikumwambia."

Bibi akatoa pumzi puani. "Mwanamke anayenyonyesha asijue jino! Alijua siku ile ile, mjinga wewe. Kila mmoja wenu anamficha mwenzake, nanyi nyote mnanificha mimi." Alimpangusa Anaeli mate kwa ncha ya shuka lake. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kabla ya baba yako nilikuwa na msichana. Naye alianza na la juu. Nilikuwa bado kijana, nikaenda kumwonyesha mama mkwe wangu. Nilidhani atafurahi."

"Yuko wapi, bibi?"

Bibi alitazama juu, mahali migomba inapokwisha na msitu wa mlima unapoanza, na mimi nikaacha kuuliza.

"Meno hayajaota," alisema hatimaye. "Mtu akikuuliza, ndivyo utakavyosema. Mimi nitamjibu Mungu. Sasa mchekeshe."

Nilimpandisha mbuzi kutoka unyayoni mpaka shingoni. Anaeli alinitazama usoni tu. Nilirudia siku ile, na kesho yake, na siku ya tatu. Siku ya nne alicheka, kidogo, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa.

Meno mawili ya chini yalitoka wiki ya pili yake. Bibi alimtoa Anaeli uani, akawaita wanawake, akamfunua mdomo mwenyewe. Mama Kundaeli akainama, akachungulia kuliko wote.

"Na hili la juu?"

"La juu limefuata, kama ndama anavyofuata mama yake."

"Mbona limefuata mbio hivyo, bibi?"

"Mjukuu wangu hunywa maziwa, hanywi maneno. Wewe wanao waliota taratibu, basi shukuru."

Wanawake wakacheka, na mama, aliyesimama mlangoni, akaegemea mwimo. Nilidhani tumeshinda.

Siku chache kabla ya Krismasi, mwalimu wa shule alikuja na barua ya Kiingereza. Alivua kofia akiwa bado njiani. Aliisoma kimya, kisha akatuambia kwa Kimeru mambo mawili tu: baba amekufa Burma, na amezikwa huko huko. Mama alianguka. Mimi nilimtazama bibi, na bibi alikuwa akimtazama Anaeli. Akanyanyuka, akamwokota pale chini alipokuwa akicheza na maganda ya ndizi, akamfunga mgongoni, akafunga fundo mara mbili. Siku zote za matanga hakumpa mtu mwingine ambebe.

Hakuhitaji kuogopa mikono yangu, kwa maana sikutaka kumgusa. Nilijiambia kwamba alimla baba, na kwamba mimi nilimficha wakati akila. Nilikaa na jambo hilo miaka mingi. Nilimfulia, nilimpikia, lakini mchezo wa mbuzi sikuurudia tena.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, nilirudi likizo nikafungua sanduku la bati la mama. Barua ilikuwa chini ya kitabu cha nyimbo, na sasa Kiingereza nilikijua. Iliandikwa kwa mistari minne. Baba alikufa mwezi wa Septemba. Niliisoma nikiwa nimepiga magoti, kisha nikasema miezi kwa sauti, mmoja mmoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi wa Septemba mvua za vuli zilikuwa bado. Anaeli hakuwa na jino hata moja.

Nilikimbia uani nimwambie bibi, nikafika kwenye mgomba aliopenda kukaa chini yake, ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika mwaka uliotangulia.

Nawaza juu yake mara nyingi. Mimi nilingoja karatasi ndipo nikamsamehe mtoto asiyekuwa na kosa. Bibi hakujua kusoma, na nadhani aliamini mpaka mwisho kwamba mgongoni amebeba kilichomla mwanawe. Na kila jioni ndizi ya kwanza kutoka chunguni aliipoza kwa pumzi yake, akampa Anaeli.

Anaeli sasa ni kijana mrefu, meno yake ya kahawia kama yetu sote. Hajui lolote, nami sijapata namna ya kumwambia. Ila tukiwa pamoja, mtu akisema jambo la kuchekesha, hatazami mdomo wala macho ya aliyesema. Hunitazama mimi usoni kwanza. Basi siku hizi najitahidi kucheka kabla yake.