Utepe wa Chemchemi

Tangu miwa ianze kulipa vizuri, klabu za hisani zimeongezeka hapa Kakamega, na baadhi zinafanya kazi ya maana. Jumamosi nilishuhudia moja ikizindua chemchemi iliyojengewa simiti karibu na Khayega. Bomba lilikuwa linatiririka, na mbele yake wanachama walikuwa wamefunga utepe mwekundu. Mgeni rasmi alikuwa amekwama nyuma ya matrekta ya miwa.

Mama mmoja akafika na debe. Mwanachama mwenye suti akanyoosha mkono kumzuia, kwa upole kabisa.

"Mama, ngojea kidogo. Bado haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa? Na hayo yanayomwagika? Sisi tunachotanga hapa siku zote."

"Ni mgeni wetu, mama. Yuko njiani."

"Mwanangu, haya ni ya kumwosha mtoto wa jirani. Amefariki asubuhi. Naye nimwambie angojee mgeni?"

Yule bwana alitazama utepe, kisha barabara. Akavua koti, akachukua debe, akainama chini ya utepe bila kuugusa. Alipomtwisha mama yale maji, suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Mgeni alipofika alikata utepe, akatangaza kwamba kuanzia sasa wananchi wako huru kuteka maji. Tulipiga makofi. Yule bwana hakupiga. Alikuwa ameshika koti lake, akitazama njia aliyopita mama.

Kwangu mimi, chemchemi ile ilikuwa imeshafunguliwa, na aliyeifungua hakuwa na mkasi.