Siku Tuliyokwenda Kumlilia Mlezi wa Ratiba

Hii habari nimeinyamazia miaka mingi, na hata leo nikipita njia ya Kanja natazama upande mwingine kama mtu aliyewahi kuiba kuku pale, lakini kwa sababu mmenishika na chai iko mezani, wacha niseme, aibu nilishazoea.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha, mimi nikiwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Embu, na tulikuwa na kikundi cha watu wa Embu na Meru tuliokusanya programu huria, zile ambazo mwandishi anakuachia uone zilivyoandikwa ndani na uzirekebishe, tukazipanga kwenye diski na kuzigawia shule bure. Kila programu ilikuwa na mlezi, mtu mmoja wa kuitengeneza ikiharibika na kuwajibu wanaoitumia. Ikikosa mlezi tuliiita yatima, na yatima ilipewa mlezi mwingine au ikaondolewa. Msimamizi wa hayo yote nilikuwa mimi, na cheo kilinipanda kichwani (nilikuwa hata nimejinunulia tai).

Programu iliyopendwa kuliko zote iliitwa Ratiba, ya kupangia vipindi vya shule, na mlezi wake alikuwa Mwalimu Njeru wa kijiji cha Kanja, mwalimu wa hesabu aliyeiandika peke yake kwenye kompyuta za chuo chetu, jioni baada ya jioni. Hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na mama yake na Ratiba, na ukimtajia shule inayoitumia alitabasamu wiki nzima. Kisha akaacha kuja. Shule zikaanza kulalamika kwamba Ratiba inampa mwalimu mmoja madarasa mawili kwa wakati mmoja, nikamwandikia barua pepe, nikaandika tena, kimya. Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo kilichonimaliza: nilisema siendi Kanja. Gari la asubuhi lingenifikisha kabla ya chai ya saa nne, na kwetu mtu akinyamaza unamwendea, hilo hata mtoto analijua, lakini mimi nilijiona mtu wa kisasa, na mtu wa kisasa huandika.

Baadaye mama mmoja wa jikoni pale chuoni, mwenyeji wa Kanja, akanitajia kwamba ameona hema na magari kwa kina Njeru, na watu wa kanisa wakiimba. Sikumuuliza hata swali moja. Hema, magari, nyimbo, na mtu asiyejibu barua, nikajumlisha mwenyewe. Nikaandikia kikundi kizima kwamba mlezi wa Ratiba ametuacha, nikafuta jina lake, na Ratiba nikampa Kirimi, mwenzetu wa Kibirichia, upande wa Meru.

Nilidhani yameisha. Lakini watu wa Meru wakasema msiba hauliliwi kwa kompyuta, lazima twende. Jumamosi wakateremka, Kirimi na gunia la viazi, wengine na sukari, mikate na majani chai, nami mbele na tai yangu. Langoni kwa kina Njeru sikuona hema wala watu (nikajiambia wameshazika), nikaanzisha wimbo wa matanga, na sauti yangu mnaijua, haina haya.

Tulikuwa ubeti wa pili Mwalimu Njeru alipotokea nyuma ya nyumba na mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

Wenzangu walinyamaza mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Njeru aliweka mzigo chini, akatusalimia wote kwa mkono kama ilivyo adabu, kisha akanigeukia.

"Nyaga, mnamlilia nani?"

"Ni wewe, Mwalimu. Hukujibu barua."

"Barua gani? Hapa hata stima ya kuwasha kompyuta haijafika." Hakupaza sauti. "Mama yangu ni mgonjwa, ndiye namuuguza. Kanisa lilikuja kumwombea. Yuko hapo ndani, na amewasikia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akafuta mikono kwenye suruali, akauliza Ratiba tumempa nani. Kirimi alishusha gunia na hakuinua macho.

"Nilidhani mtaningoja," Njeru akasema.

Sauti ya mama yake ikamwita kwa Kiembu kutoka ndani. Akaingia, akakaa, sisi tumesimama na mikate yetu, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama anasema mmalize wimbo. Anasema siku yake ikifika hatausikia."

Tukauimba mlangoni pake, polepole, hadi mwisho. Niliimba nikilia, na ile tai ndiyo niliyojifutia machozi.

Kirimi alirudisha Ratiba siku ile ile, akabaki kuwa msaidizi, akipeleka Ratiba Kanja ikiwa imechapishwa kwenye karatasi na kurudi nayo imesahihishwa kwa kalamu. Mama alifariki kabla ya mvua. Tulipokwenda, hema safari hii likiwepo kweli, waliniomba nianzishe wimbo nikashindwa, akauanzisha Njeru mwenyewe.

Tangu hapo sijaita kitu chochote yatima kabla sijafika kwa mwenyewe. Mtu akininyamazia siandiki. Nafunga sukari nakwenda, na nikifika langoni nabisha hodi kwanza, nangoja nijibiwe.