Sato wa Juu ya Paa

Mama yangu alikaanga samaki pale sokoni Feri tangu kabla sijazaliwa, mpaka kifua kilipomkatalia. Daktari alimwambia moshi wa kuni umemtosha. Kama anataka kuwaona wajukuu wakikua, asirudi tena kwenye yale majiko. Nikamleta kwangu Mchafukoge, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya nne, karibu na duka ninalouzia vitenge.

Nilidhani nampumzisha, kumbe nilikuwa nimemfungia. Asubuhi nilimwacha kwenye kochi, nikirudi kula mchana namkuta palepale, mikono imelala mapajani kama si yake. Mtu aliyezoea kuita wateja kutwa nzima, sasa hakuwa na wa kumwita. Akaanza kulalamikia vitu vidogo: feni inapuliza sana, mchuzi umepooza, watoto wanatembea kwa kishindo. Mara kwa mara aliomba nimpeleke akaitazame Feri. Nilimnunulia redio. Akaizima, akasema inaongea tu, haisikilizi.

Ghorofa ya chini yetu aliishi mama mmoja mjane, mwenyeji wa Kilimanjaro, umri wake na wa mama yangu ulikuwa sawa. Watoto wake walikuwa wametawanyika. Yeye na mama walikuwa wakisalimiana kwenye ngazi tu, basi. Siku moja mama alikwenda juu ya paa, ambako wapangaji tunaanika nguo, akamkuta yule jirani anawaelekeza mafundi waliobeba tangi kubwa la plastiki lililokatwa juu.

"Unahifadhi maji ya kufulia?" mama akamuuliza.

"Nafuga samaki, dada. Sato. Mwenye nyumba ameshanikubalia."

"Samaki juu ya ghorofa?" Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwenzangu, samaki asiyeijua bahari si samaki. Hiyo ni mboga tu."

"Basi njoo unisaidie kulima mboga."

Kumbe baba wa yule mama alikuwa na bwawa nyuma ya migomba yake, likijazwa na maji ya mfereji, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kulisha samaki kabla ya kwenda shule. Alisema tangu mumewe afariki, alikuwa akiamka mapema halafu hana cha kuamkia.

Mama akaanza kupanda juu. Mwanzoni alisema anafuata upepo. Alipanda polepole, akipumzika kila palipokuwa na kona ya ngazi, na yule mwenzake alimsubiri na kiti cha plastiki. Huko akafundishwa kwamba maji ya bomba lazima yalale kwenye ndoo kwanza ili dawa itoke, na kwamba chakula kikizidi kinaoza na kuchafua tangi. Palikuwa na pampu ndogo ya umeme iliyopuliza hewa majini, ikikoroma kama paka. Maji machafu yalimwagiwa mchicha uliopandwa kwenye ndoo kuukuu, na mchicha ule ulistawi mpaka majirani wakaanza kuuomba.

Jioni moja nilipanda kuanua nguo, nikamsikia mama anasema, "Kuleni taratibu, msigombane. Nyie mna nini leo?" Nikajua yuko na wanangu. Nilipotokeza, alikuwa peke yake, ameinamia tangi, vidole vimelowa. Alinitazama, akavuta kanga yake vizuri begani.

"Wakinisikia tu wanakuja," akasema, kama anayejitetea.

Halafu yule jirani akafiwa na kaka yake, akasafiri kwenda kuzika. Aliondoka akimwachia mama ufunguo wa mlango wa paa na mfuko wa chakula. "Nakuachia watoto," alimwambia. Mama aliupokea ule mfuko kwa mikono miwili.

Yule mama akiwa bado kwao, umeme ukakatika. Jua lilikuwa kali, jenereta zimeanza kunguruma kila mtaa, na mimi nilikuwa nimekunjua doti za kitenge mbele ya mteja simu ilipoita.

"Mwanangu, njoo," mama alisema. "Wote wamekuja juu. Midomo iko nje ya maji, wanatafuta hewa."

Nilimwachia mwenzangu wa duka la pili aangalie, nikakimbia. Nilimkuta mama amevua kanga ya juu, anachota maji kwa jagi, analiinua juu kadiri mkono unavyofika, na kuyamwaga tena tangini ili yaingie na hewa. Jasho linamtoka, pumzi inapiga filimbi.

"Mama, kaa chini! Kifua chako!"

"Mimi bado napumua," akasema. "Hawa hawapumui."

Nikamnyang'anya jagi, naye akashika sufuria. Nikaona hatutaweza wawili. Nikashuka nikigonga kila mlango, na kwa kweli sikutegemea kitu. Mjini kila mtu na mlango wake. Lakini walikuja. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza alipanda na futi kamba bado ipo shingoni. Bibi mmoja aliyekuwa haongei na mtu alileta ndoo na wakwe zake wote. Tukapanga zamu, tukachota na kumwaga, chota na kumwaga, wengine wakashika shuka juu ya tangi kuzuia jua. Kisha muuza simu wa chini, mwenye jenereta, akapandisha waya mrefu kupitia madirishani, na ile pampu ikakoroma tena. Watu walipiga makofi.

Si wote waliopona. Mama aliwatoa waliokufa mmojammoja, akawalaza kwenye sinia, akawafunika kwa kanga. Kisha akaomba simu yangu.

"Dada," akasema, "nimekuulia watoto wako."

Nilikuwa nimeweka sauti nje, kwa hiyo sote tulisikia kuku wa kule wakilia.

"Wetu," yule mama akajibu. "Pole sana, mwenzangu. Na wewe, kifua kikoje?"

Mama akalia palepale mbele ya wapangaji, bila kujifuta. Alilia kwa muda mrefu kuliko samaki wale walivyostahili, nami nikamwacha, nikamshika tu bega.

Waliobaki walikua. Siku ya kuwavua ilipofika, jirani alikuwa amerudi na mkungu wa ndizi. Mama, aliyepasua samaki maisha yake yote, alishika kisu akasita.

"Tuliwafuga tuwale, dada," mwenzake akamwambia kwa upole.

"Najua. Acha niwaage."

Akasema bismillahi, akaanza kupara magamba. Nilikaanga mimi, kwenye jiko la gesi, kwa sababu ya kifua chake, naye akanielekeza kutoka mlangoni: "Geuza! Usimchokonoe, atavunjika!" Jirani alipika ndizi. Tulitandika mikeka juu ya paa, wapangaji wote wakala, na yule bibi asiyeongea alisimulia mambo mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mama alitafuna taratibu, akalamba kidole.

"Mtamu," akasema. "Lakini changu wa baharini asijue kama nimesema."

Kifua chake hakijapona, na daktari anasema hakitapona kabisa. Ila haombi tena nimpeleke akaitazame Feri, wala hakai kwenye kochi.

Juzi tulienda wote watatu kwa mfugaji mmoja nje ya mji kuchukua vifaranga wengine wa samaki. Tulirudi na bajaji, mifuko ya maji yenye hewa imejaa mapajani mwa wale wazee wawili. Tulipoingia Kariakoo, dereva akaanza kuchomekea katikati ya mikokoteni, na mama akamgusa bega.

"Baba, taratibu," akamwambia. "Tumebeba wachanga."

Dereva aligeuka kutafuta mtoto, hakumwona, akapunguza mwendo hivyohivyo.