Saa Saba Unguja na Ndimu za Shangazi

Nilitoka Dodoma kwa jambo la heri, nikalianza kwa uongo. Nilikuwa nakwenda Wete, Pemba, kupeleka posa. Ami yangu Hemedi alikuwa keshatangulia huko, na barua ya posa aliisahau kwangu, maana ami husahau kila kitu isipokuwa kula. Baba wa binti, Mzee Faki, alikuwa ameniuliza swali moja tu kwa simu: "Baba yako ni marehemu, Mungu amrehemu. Lakini nasikia una shangazi Unguja. Mbona simsikii katika jambo hili?"

"Anaumwa, mzee," nikajibu haraka.

Akamwombea afueni, kisha akasema kwa upole kwamba barua isiyo na jina la shangazi aliye hai yeye hatoijibu. Jina tu? Kalamu ninayo. Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa na akili zangu.

Saa tatu asubuhi ndege ilitua Kisauni, Unguja. Kampuni ya ndege, kwa ukarimu wake usio na mfano, ilikuwa imeniuzia tiketi yenye saa saba za kusubiri. Dada wa kaunta akanionyesha meno yake yote. "Ya Pemba ni saa kumi jioni. Kaunta inafungwa saa tisa na nusu. Furahia Zanzibar, kaka."

Nikakaa kwenye kiti cha chuma, nikatoa barua, na chini ya jina la ami nikaandika: *Rukia binti Juma, shangazi wa mposaji*. Nikaupendezesha mwandiko kwa kukoleza mikia ya herufi, kwa kuwa niliamini ndivyo wanawake wa Unguja wanavyoandika. Kisha nikafungua simu kutafuta namna ya kuzitumia saa zangu saba. Kuna mtaalamu mmoja ameandika orodha ya mambo ya kufanya Zanzibar ukiwa na muda mchache, na la kwanza ni "kupotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe". Shauri zuri. Niliwahi kuishi katika kisiwa hiki miaka miwili, nyumbani kwa huyo huyo shangazi, na kitu nilichokuwa nakihitaji siku ile ni kupotea kwelikweli.

Saa nne nilikuwa Darajani, nikaingia Mkunazini, nikaanza kutalii kwa bidii. Nilitazama milango yenye misumari ya shaba, nikaipiga picha, nikatikisa kichwa kama mtu anayefahamu. Nikanywa urojo nimesimama. Watalii walinipisha na mimi nikawapisha, kila mmoja akimdhania mwenzake ndiye anayejua njia.

Hapo akaniganda papasi. Ndivyo Waunguja wanavyowaita wale wanaowashika watalii wasiwaachie, na papasi mwenyewe ni kupe mwenye miguu minane, kwa hiyo jina halihitaji ufafanuzi. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, kavaa fulana yenye picha ya kobe. Alinijaribu kwa Kiingereza, akanijaribu kwa Kitaliano, nikamjibu kwa Kiswahili cha bara nilichokitengeneza kwa makusudi: "Mambo vipi, braza. Mimi ni mgeni tu, napita."

"Karibu mgeni! Naitwa Makame. Twende Ngome Kongwe, Hurumzi, kisha nikupeleke ukale pweza."

"N'shakula, ahsante," nikasema.

Makame akasimama. Akanitazama kama anayekagua noti.

"N'shakula?" akarudia polepole. "Mtu wa bara husema 'nimeshakula'. Wewe umekaa wapi Unguja?"

Lo! Miaka kumi na moja nimeuficha ulimi, nao ukanitoka kwa bakuli moja la urojo. Nikasema Bububu, tena kwa sauti ndogo. Akauliza kwa nani. Nikamtaja, kwa kuwa sura yangu ilikuwa ishaungama.

"Bi Rukia wa mikate ya mofa? Aliyemsomesha mke wangu Kurani?" Kabla sijakanusha alikuwa keshapiga simu. "Naam, Bi Rukia. Naam. Yuko mbele yangu. Mwembamba, kashika begi." Akanigeukia. "Anasema usile tena. Chakula ki motoni."

Saa sita na robo nilikuwa nyuma ya vespa ya Makame kuelekea Bububu, begi tumboni, na njia nzima ananisimulia vivutio ambavyo sikuviona. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Shangazi alinichukua baba alipofariki, nikiwa na miaka kumi na minane, ili nisome. Mwaka wa pili nikapata kibarua Dar es Salaam, nikajua hatonikubalia niache masomo. Ijumaa moja akanituma ndimu, ana samaki kikaangoni. "Naja, shangazi," nikamwambia. Kwetu neno hilo mtu hulisema akiwa anatoka. Maana yake nihesabu nimesharudi. Nikapitiliza moja kwa moja hadi bandarini. Sikumuaga, na baadaye nikaona haya kupiga simu, na haya ikizaa huzaa mapacha.

Nyumba ilikuwa ile ile. Kwenye kizingiti nikapiga hodi, nikaingia, nikainama.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Rukia alikuwa kakaa kibaoni mbele ya jiko. Hakuitikia. Mtu wa Unguja kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Hata adui huitikiwa. Nikabaki nimeinama mpaka mgongo ukauma.

"Nasikia mimi naumwa," alisema hatimaye. "Naumwa nini?"

Nikanyooka, nikalihamishia begi bega la pili.

"Mke wa Faki kanipigia jana kunipa pole. Nikamshukuru, nikamwambia maradhi yenyewe bado sijaambiwa. Namba yangu hakupata tabu kuipata. Wewe ndiwe uliyeshindwa."

"Shangazi, mimi..."

"Ndimu ziko wapi?"

Nilimletea boksi la halua nililolinunua Darajani kwa dharura. Hakulitazama. Akaelekeza kidole kikaangoni, na humo, wallahi, mlikuwa na samaki wawili, changu.

"Nilikutuma ndimu. Ukaniambia 'naja'. Samaki wa siku ile nilimla mkavu, nikiangalia mlango. Begi liache hapa."

Begi lenye tiketi, kitambulisho na barua. Nikaliacha. Makame, rafiki yangu mpya, akajifanya anafuta vespa.

Bububu nzima siku hiyo ilikuwa na malimau tu. Duka la kwanza malimau, makubwa, mazuri, nikayatamani. Duka la pili mwenyewe kaenda kuswali. La tatu kijana wa dukani akaniuliza kwani limau lina kasoro gani, nikamwambia lina kasoro ya kutokuwa ndimu. Saa saba na nusu jasho lilikuwa limeniloa mgongo mzima. Nilipokea ndimu sita mikononi mwa mama mmoja aliyezichuma uani kwake, na aliponiuliza za nini nikamwambia za miaka kumi na moja iliyopita. Akaniongezea ya saba, nadhani kwa kunihurumia akili.

Nikarudi mbio. Nikaziweka kwenye ungo, mbele ya shangazi. Akazishika mojamoja, akazinusa, akaikata ya kwanza.

"Marahaba," akasema.

Nililia. Sitaki kupamba, nililia na makamasi yakatoka. Yeye akanikamulia ndimu kwenye samaki na kuniambia nile, chakula kinapoa.

Tulipokuwa tunanawa akataka barua. Ningependa ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Bububu haina huruma. Akavaa miwani, akasoma hadi chini.

"Huyu Rukia ni nani?"

"Ni... ni wewe, shangazi."

"Mimi naandika kama kuku kapita?" Akaomba kalamu. Akalifuta jina langu la uongo kwa mistari miwili, na chini yake akaandika lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, na kidole chenye maji ya ndimu kikaacha doa pembeni. "Sasa naumwa au siumwi?"

"Huumwi, shangazi."

Saa tisa kasoro dakika ishirini Makame aliwasha vespa. Nikasimama kizingitini, na ulimi, huyu adui wangu, ukaanza wenyewe: "Shangazi, na..."

"Ole wako."

"Naaga, shangazi. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Ukifika piga simu. Namba unayo?"

Sikuwa nayo. Akaniandikia kwenye kiganja, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayetumwa dukani.

Kaunta nilifika dada yule akiwa anashika kibao cha "Imefungwa". Akaniuliza kama nilifurahia Zanzibar. Nikamwambia nimeona makubwa. Wataalamu wa orodha nawashauri waongeze jambo moja: msafiri mwenye saa saba Unguja kwanza atafute aliyemwacha anamngoja, kwani vichochoro vitakuwepo tu.

Wete, jioni ile, ami Hemedi alikuwa anakula. Mzee Faki alipokea barua kwa mikono miwili, akasoma, akaiinua puani.

"Mbona inanuka ndimu?"

"Za shangazi yangu, mzee. Nilichelewa kuzipeleka."

"Si anaumwa?"

Ami akaacha kutafuna. Nikatazama kiganja changu, namba ilikuwa imeanza kufutika kwa jasho.

"Haumwi. Nilisema uongo, mzee. Nilikuwa naona haya kumwendea."

Mzee Faki akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Hayo nayajua tangu jana," akasema. "Nilikuwa nangoja uyaseme wewe."