Ngoma ya Harusi ya Mama Mdogo

Juzi, nikipita Kagoma, nilimkuta kijana akipasha ngoma yake kwa moto wa majani makavu ya migomba ili ngozi ikaze. Moshi ule ulinirudisha Izigo, mchana wa harusi ya mama yangu mdogo, nikiwa bado mtoto.

Baba, tuliyemwita Tata, alizoea kukodiwa kupiga ngoma kwenye sherehe za watu, ila siku hiyo alipiga kwa wakwe zake. Bibi, mzaa mama, alikuwa mgonjwa chumba cha ndani, na mama alikuwa naye.

Mjomba alitoka ndani, akamwinamia baba.

"Shemeji, piga. Usinyamaze hata kidogo mpaka gari la bwana harusi liondoke."

Baba alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha ndani, kisha akapiga kuliko nilivyowahi kumwona akipiga. Nilidhani ni furaha. Nikaruka mbele yake nikicheza.

"Tata, ongeza!"

Akaongeza. Mama mdogo akacheka ndani ya shela lake. "Shemeji leo amekunywa nini?"

Sasa najua kwamba bibi alikuwa amekata roho, na kwamba kama msiba ungetangazwa, harusi ingevunjika. Wakati ule niliona tu vidole vya baba vikiacha damu kwenye ngozi.

Gari liliondoka, vumbi likatua juu ya mibuni. Ndipo baba akalaza viganja vyake kwenye ngoma, na kilio kikasikika kutoka ndani, sauti ya mama ikizipita zote.

Nikamvuta shati.

"Tata, anza tena. Wanalia kwa sababu umenyamaza."