Nani Aliuambia Moshi Upande?

Harufu ya majivu ya mlima yakilowana na mvua bado inanikereketa koo. Kwetu mtaani Ndosho, upepo ukitoka upande wa volkano ya Nyiragongo, mvua ilishuka kwenye mabati ikiwa na ladha ya kutu, na mama alitukataza kukinga maji yake. Nikiisikia harufu hiyo namkumbuka Mapendo, na wivu wa utotoni unarudi upya.

Mapendo alikuja kwetu vita viliposhuka kutoka Masisi. Tulikuwa rika moja. Alipotezana na mama yake njiani wakikimbia, na papa, baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, akamleta nyumbani alale kwenye godoro langu. Godoro sikulionea uchungu. Nilichoonea uchungu ni papa.

Jioni, tukisubiri maharagwe yaive, papa alikuwa na mchezo wake na mimi: kuniuliza kwa nini mambo ya dunia yako yalivyo. Siku moja akaonyesha moshi wa jiko.

"Juu ya nini moshi inapanda?"

"Iko mwepesi, papa," nikajibu mbio, kama alivyonifundisha.

Mapendo akautazama moshi. "Sawa, iko mwepesi. Lakini nani aliambia vitu vyepesi vipande?"

Papa akacheka kwa furaha ambayo mimi sikuwahi kumpa. "Mama Kavira, unasikia huyu mutoto?" akamwita mama. Kavira ni mimi, lakini jioni ile jina langu lilipita tu mdomoni mwake. Tangu hapo kila swali lilimwendea Mapendo kwanza. Nilikaa nikibandua ganda la kidonda gotini, nikimwomba Mungu Mapendo akosee hata mara moja.

Kisha ikaja jioni ambayo mawingu juu ya mlima yalikuwa mekundu kuliko kawaida. Mama akasema mlima umekasirika. Papa akakataa: mlima hauna hasira. Mawe yakipata moto mwingi yanayeyuka, yakiyeyuka yanatafuta njia. Hayawezi kufanya vingine.

"Na bombe yenye ilianguka kwetu, papa?" Mapendo akauliza polepole. "Nayo haikuweza kufanya ingine?"

"Bombe inaanguka tu kama jiwe," papa akasema. "Lakini mutu mwenye aliitupa, ule aliweza kuacha."

"Sasa juu ya nini hakuacha?"

Papa hakujibu. Alimvuta karibu, akamshika kichwa, na mimi nikauonea wivu hata ule ukimya. Maswali yangu hayakuwahi kumnyamazisha.

Baadaye mama yake Mapendo alipatikana kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga, akaja kumchukua. Mapendo alitoka mbio bila viatu, hakugeuka hata kuniaga. Nilifurahi kurudishiwa papa wangu. Lakini jioni, aliponiuliza swali na nikapatia, alisema tu "ndiyo", macho yake yakiwa barabarani.

Nilichelewa sana kuelewa. Mimi nilikuwa nikicheza ili nipendwe. Yeye alikuwa akitafuta kujua kama dunia ilimkusudia ubaya. Miaka yote ile nilimwonea wivu mtoto kwa swali ambalo mimi, mwenye mama jikoni na papa kando yangu, sikuwa na haja ya kuliuliza.