Mbao Juu ya Mabomba

Ile siku naikumbuka hadi harufu ya saruji mbichi, mwanangu. Tulikuwa Mbozi, wakati wa Mwingereza, tukijenga nyumba ya Mzungu mmoja, mkulima wa kahawa. Baridi ya huko unaijua. Mzungu alitaka mabomba ya shaba yalazwe sakafuni, yapitishe maji ya moto, kisha tuyafunike kwa zege.

Mabomba aliyalaza Sichone, Mnamwanga kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Zege lilikuwa kazi yangu. Sikumpenda. Alikuwa kimya mno, na mtu kimya moyo humtungia maneno. Aliyajaza mabomba maji, akafunga saa ya kupimia msukumo wa maji, akatandika juu yake mbao za kupitishia toroli.

"Kaka, mbao hizi zisitoke," akaniambia. "Mshale wa saa ukishuka, simamisha zege."

Nikajiambia, huyu ana lake jambo; anataka nichelewe nilaumiwe. Alipokwenda kula nikaziondoa mbao, toroli likapita juu ya mabomba. Kabla ya jioni mshale ulikuwa umelala.

Wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Nilimwambia Mzungu kwamba Sichone amefunga viungo vibaya kusudi, na kwamba watu wa ng'ambo si wa kuaminiwa. Akafukuzwa palepale. Alikusanya vyombo vyake bila kujitetea, na kimya hicho nacho nikakihesabu kuwa hatia.

Mzee Kibona, fundi wetu mkuu kutoka Ileje, akachukua beleshi akafukua zege kabla halijakauka. Viungo vyote vilikuwa vizima. Bomba lilikuwa limebonyea na kupasuka katikati, pale pale lilipopita gurudumu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umemshuku kila mtu humu, isipokuwa mwenye toroli."

Nyani haoni kundule. Niliungama kwa Mzungu, nikakimbia njia ya Tunduma kumfuata Sichone nimwombe radhi. Alikuwa amekwisha vuka mpaka, na sikumwona tena. Naona aibu mpaka leo.

Basi ukilaza bomba sakafuni, lijaze maji kabla ya zege, ulinde mshale mpaka zege likauke, na toroli lisipite bila mbao. Kushuku sikukatazi, mimi hata sasa simwamini fundi asiyenionyesha mshale. Ila anza na mkono wako mwenyewe. Mungu aibariki kazi yako, mwanangu, na akuepushe usizeeke ukiwa na mtu wa kumwomba radhi usiyejua alipo.